Mashine Inayompinga Farasi: Hisabati ya Dau Linalojiendesha

Mtu akisimama Same mjini, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha, yaelekea hataona farasi hata mmoja akipita. Punda atawaona, wakiwa wamebeba maji au mahindi. Farasi ni mnyama adimu katika sehemu kubwa ya nchi yetu, na sababu mojawapo ni ya kibiolojia: nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, pamoja na virusi vya tauni ya farasi vinavyoenezwa na visubi, humdhuru farasi vibaya zaidi kuliko punda. Hata hivyo, mbio za farasi zinazofanyika Ulaya zinaweza leo kumfikia kijana wa Same kupitia simu yake ya mkononi. Humfikia zikiwa na ahadi, nayo ni kwamba ipo programu ya kompyuta iwezayo kuweka dau yenyewe, mbio zikiwa zinaendelea, na kumletea mwenyewe faida bila jasho.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu ya namna hiyo inavyofanya kazi, na kuipima ahadi yenyewe kwa hisabati isiyozidi ile ya shule ya sekondari. Jambo hili si la mchezo tu. Fedha inayotumwa kwa simu huweza kuwa karo ya muhula mzima, au mapato ya gunia la tangawizi lililoteremshwa kutoka milimani. Aidha, mwalimu wa hisabati atapata humu mfano mzuri wa somo la uwezekano.

Njia tatu za kuweka dau

Njia ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi nchini. Kampuni hutangaza bei ya kila tokeo, na mteja huchagua. Hivyo ndivyo ilivyo mikeka ya mpira wa miguu ambayo vijana huiandaa kila mwisho wa juma. Shughuli hii huongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na kusimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtu mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki.

Njia ya pili ni ya mfuko wa pamoja. Fedha za wachezaji wote hukusanywa, mwendeshaji hukata sehemu yake, kisha salio hugawiwa wale waliochagua farasi aliyeshinda. Katika mbio za farasi njia hii ni ya zamani, na ndiyo iliyoleta mashine ya kwanza katika shughuli hii. Mwaka 1913, katika uwanja wa Ellerslie mjini Auckland, New Zealand, mhandisi George Julius alifunga mtambo wa magurudumu yenye meno na nyaya uliojumlisha madau yenyewe. Ulikuwa mtambo wa kuhesabu tu. Haukuamua lolote. Katika Afrika Mashariki, mbio za farasi zinajulikana zaidi Nairobi, katika uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954.

Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu hapa. Ni soko la dau, ambamo watu huwekeana dau wao kwa wao, na mwenye soko hukata kamisheni tu kutoka kwa mshindi. Soko mashuhuri la namna hii, Betfair, lilianzishwa Uingereza mwaka 2000 na Andrew Black na Edward Wray. Mahali kama hapo, kwa kila mtu anayesema kwamba farasi fulani atashinda, ni lazima apatikane mwingine anayesema kwamba hatashinda. Wa kwanza tutamwita mwungaji, na wa pili tutamwita mpingaji.

Hesabu ya mpingaji

Bei katika soko hili huandikwa kwa namba moja. Bei ya 6 ina maana kwamba mwungaji akiweka shilingi 1,000 na farasi akashinda, hurudishiwa shilingi 6,000: dau lake la 1,000 na faida ya 5,000. Faida hiyo ya 5,000 hutoka mfukoni mwa mpingaji. Ikiwa farasi atashindwa, mpingaji huchukua ile 1,000 ya mwungaji. Kwa hiyo mpingaji anahatarisha 5,000 ili apate 1,000, na soko humtaka aweke hiyo 5,000 kama dhamana kabla dau halijakubaliwa.

Bei ikiwa ya haki, farasi wa bei ya 6 ana uwezekano wa kushinda wa sudusi, yaani 1/6. Mpingaji hushinda mara tano katika kila mara sita, na hushindwa mara moja. Mara tano anapata 5,000 kwa jumla, mara moja analipa 5,000. Hapati wala hapotezi. Sasa tutie kamisheni ya asilimia 5 ya faida. Kila ushindi unamletea shilingi 950 badala ya 1,000. Wastani wake kwa kila dau ni:

(950 × 5/6) − (5,000 × 1/6) = 791.67 − 833.33 = −41.67

Yaani anapoteza takriban shilingi 42 kwa kila dau, ingawa anashinda mara tano katika sita. Hapo ndipo macho hudanganyika. Uwezekano wa mpingaji huyu kushinda mara kumi mfululizo ni 5/6 iliyozidishwa yenyewe mara kumi, sawa na 0.16 hivi. Tuchukue darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akiwa amepinga mara kumi. Wanafunzi sita au saba watamaliza bila kushindwa hata mara moja, kila mmoja akiwa na faida ya shilingi 9,500. Hao ndio watakaosimulia. Wengine wote wamelipa 5,000 angalau mara moja, na kwa desturi ya binadamu watanyamaza. Tukijumlisha darasa zima, hasara inayotarajiwa ni shilingi 16,667 hivi, kiasi kile kile ambacho soko limekata kama kamisheni.

Msomaji ataona kwamba mpingaji anafanana na shirika la bima: hupokea kidogo mara nyingi, hulipa kikubwa mara chache. Lakini shirika la bima hutoza zaidi ya thamani halisi ya hatari, huwa na mtaji mkubwa, na hujumuisha maelfu ya hatari zisizotegemeana. Kijana mwenye shilingi 20,000 katika simu hana hata kimoja cha hivyo vitatu.

Mashine hufanya nini?

Mbio zinapoanza, bei hazisimami. Farasi anayetangulia bei yake hushuka, kutoka 6 hadi 3, hadi 1.5, pengine hadi 1.01 akiwa hatua chache kutoka mwisho. Anayeachwa nyuma bei yake hupanda hadi mamia. Mbio za mita 1,200 humalizika kwa sekunde 75 hivi, na kidole cha binadamu ni kizito mno kwa soko la namna hiyo. Ndiyo maana programu ilibuniwa. Kazi yake ni mzunguko wa hatua tano:

1. Kusoma bei zilizopo sokoni.
2. Kuzilinganisha na kanuni iliyoandikwa na mwenyewe.
3. Sharti la kanuni likitimia, kutuma agizo la kuunga au kupinga.
4. Kungoja jibu la soko: je, agizo limepata mtu wa upande wa pili?
5. Kuhesabu fedha zilizo hatarini, kisha kurudi hatua ya 1.

Mzunguko huu hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja. Programu haichoki, haiogopi, wala haitamani. Hizo ni sifa za kweli, na wauzaji wa programu hawasemi uongo wanapozitaja. Swali ni kama sifa hizo zinazaa fedha.

Tuchukue kanuni moja inayopendwa. Kabla ya mbio, programu inamwunga farasi wa bei ya 6 kwa shilingi 1,000. Ikiwa katikati ya mbio bei yake itashuka hadi 3, programu inampinga farasi yule yule kwa shilingi 2,000. Tuangalie matokeo, tukiiacha kamisheni kwanza. Farasi akishinda, mwenye programu anapata 5,000 kwa kuunga na kulipa 4,000 kwa kupinga: faida ni 1,000. Farasi akishindwa, anapoteza 1,000 ya kuunga na kupata 2,000 ya kupinga: faida ni 1,000 vile vile. Bei ikishafika 3, faida ni ya hakika, hata farasi akijikwaa na kuanguka.

Ni vigumu kutovutiwa. Mtu huona faida ya hakika na kusahau neno dogo lililotangulia: "ikiwa".

Kanuni haiongezi maji

Katika milima ya Upare kuna maarifa ya kale yatakayotusaidia hapa. Wakulima hujenga ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, kisha hufunguliwa mchana ili maji yateremke kwa mfereji hadi mashambani. Zipo kanuni za nani afungue, lini, na zamu ya nani ifuate. Tuseme leo mlango wa ndiva unafungwa mtambo unaojifungua wenyewe kwa saa. Maji yatagawiwa kwa wakati, na huenda ugomvi ukapungua. Lakini kijito hakitaongezeka hata ndoo moja. Kanuni hugawa maji, haiyazai.

Ndivyo ilivyo kwa kanuni ya dau. Bei ya 6 ni uwezekano wa 1/6, na bei ya 3 ni uwezekano wa 1/3. Farasi anayeanza na 1/6 atafika 1/3 mara ngapi kabla ya kuachwa kabisa? Tuite uwezekano huo x. Akiisha kufika 1/3, hushinda mara moja katika tatu. Na kwa kuwa ni lazima apite 1/3 ili ashinde, uwezekano wake wote wa kushinda ni x × 1/3. Nao tunajua ni 1/6. Basi x ni 1/2.

Kwa hiyo nusu ya mbio kanuni yetu inapata 1,000, na nusu ya pili inapoteza 1,000. Jumla ni sifuri, na kamisheni ikikatwa, jumla iko chini ya sifuri. Mwanafunzi anaweza kubadili namba apendavyo: afunge hesabu bei inapofika 4 au 2, au apinge kwanza na kuunga baadaye. Jibu halibadiliki. Mwanahisabati Mmarekani Joseph Doob (1910–2004) alilithibitisha jambo hili kwa upana wake: katika mchezo wa haki, mtu asiye na uwezo wa kuona mbele, wala mkopo usio na kikomo, hawezi kubuni kanuni ya kusimama itakayombadilishia wastani wake. Mashine inayofuata kanuni hiyo upesi mara mia haifanyi zaidi ya kufika kwenye wastani huo mapema mara mia.

Basi nani hupata?

Wapo wanaopata faida, lakini faida yao hutoka katika habari. Bei huwa ya haki kwa yule anayejua yale tu ambayo soko linajua. Anayejua zaidi, au anayejua mapema, bei hiyo kwake si ya haki tena.

Tuone mfano wa nyumbani. Mkulima wa tangawizi huko Mamba Miamba, katika Wilaya ya Same, anaacha neno kwa jirani: "Mtu yeyote akija, muuzie kwa bei ya jana." Bei ya Dar es Salaam ikiwa imeshuka, hakuna mchuuzi atakayepanda mlima. Ikiwa imepanda, mchuuzi aliyepata habari kwa simu atafika alfajiri na kununua mzigo wote. Agizo lililoachwa mezani hukubaliwa pale tu linapomwumiza aliyeliacha.

Agizo la kupinga lililoachwa sokoni na programu liko hivyo hivyo. Tuseme programu imeagiza kumpinga farasi kwa bei ya 3. Mpanda farasi anaonekana akiwa ametulia, farasi ana nguvu zilizobaki. Aliyeona hilo kwanza ataikimbilia hiyo 3. Kama farasi amechoka, hakuna atakayeigusa, na bei itapanda bila agizo letu kupata mtu. Hivyo uwezekano wa farasi huyo kushinda, pale agizo letu linapokubaliwa, huwa ni mkubwa kuliko 1/3.

Ni nani anayeona kwanza? Farasi wa mashindano hukimbia kiasi cha mita 16 kwa sekunde. Picha ya televisheni ikichelewa sekunde 4, farasi halisi yuko mita 64 mbele ya yule anayeonekana kwenye kioo. Sehemu ya ucheleweshaji huo ni sheria ya fizikia. Setilaiti ya mawasiliano isiyohama angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na wimbi la redio lendalo kilomita 300,000 kwa sekunde huhitaji takriban robo sekunde kupanda na kushuka. Sehemu kubwa zaidi hutokana na mitambo inayobana picha na kuihifadhi kabla ya kuirusha. Nchini Uingereza wapo wanaokwenda uwanjani wenyewe, na miaka ya karibuni wapo waliorusha ndege ndogo zisizo na rubani karibu na viwanja ili wapate picha kabla ya wengine. Masoko yenyewe huchelewesha kila agizo la wakati wa mbio kwa sekunde moja au zaidi, ili kupunguza tofauti hiyo. Hupungua, haiishi.

Programu iliyoko Same haingoji picha, husoma bei tu. Hata hivyo, nayo ina umbali wake. Nyaya za chini ya bahari, kama ile ya SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, huchukua habari kwa mwanga uendao kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya kioo. Kutoka Same hadi London ni kilomita 7,000 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na njia halisi ni ndefu zaidi. Mshindani aliyeweka kompyuta yake karibu na mitambo ya soko hutumia sehemu ndogo sana ya muda huo. Katika mnyororo huu wa habari, kijana wa Same yuko mwisho kabisa, kama yule mkulima wa bei ya jana. Programu aliyonunua haimsogezi mbele. Inamwezesha tu kuwa wa mwisho mara nyingi zaidi kwa siku.

Mashine ilipokosea

Mtambo usioogopa una hatari nyingine, nayo ilionekana tarehe 28 Desemba 2011 katika uwanja wa Leopardstown, karibu na Dublin, Ireland. Farasi aitwaye Voler La Vedette alikuwa akielekea kushinda, lakini sokoni kulikuwa na agizo la kumpinga kwa bei ya 29. Agizo lenyewe lilizidi pauni milioni 21. Kama lingelipwa, mpingaji angedaiwa takriban pauni milioni 600. Betfair ilifuta madau yote yaliyowekwa wakati mbio hizo zikiendelea. Kampuni ilieleza kwamba agizo lilitoka kwa programu inayojiendesha ya mteja ambaye akaunti yake ilikuwa na chini ya pauni 1,000, na kwamba hitilafu ya kiufundi iliuwezesha mpaka wa dhamana kuvukwa.

Mwanafunzi wa kompyuta atavutiwa na kiasi hicho. Namba kamili kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika nafasi ya biti 32, ikiwa biti moja inatumika kwa alama ya jumlisha au toa, ni 2,147,483,647. Tukiihesabu kuwa ni peni, tunapata pauni 21,474,836.47. Ukaribu wa namba hizi mbili ulizua dhana kwamba hesabu ilifurika mahali fulani. Ukaribu si uthibitisho, lakini funzo linabaki: binadamu mwenye pauni 1,000 angesita kabla ya kuahidi milioni 600, ilhali mashine hufanya lililoandikwa, hata lililoandikwa vibaya.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya bila senti moja. Zinahitajika dadu na punje za mahindi. Mwanafunzi mmoja awe mwungaji wa namba 6, mwingine awe mpingaji, kwa bei ya 6. Warushe dadu mara 36. Kila isipotoka 6, mpingaji apokee punje moja. Ikitoka 6, alipe punje tano. Kwa kila punje 20 alizopokea, mwalimu akate moja. Kila jozi iandike matokeo yake ubaoni, kisha yajumlishwe ya darasa zima. Jumla ya darasa ndiyo yenye ukweli, wala si ya jozi moja iliyobahatika. Mwishoni, waulizwe wale ambao hawakuiona 6 katika mirusho kumi ya kwanza: je, walikuwa na ustadi gani?

Maswali kwa wanafunzi

1. Mpingaji anapinga farasi wa bei ya 4 kwa shilingi 1,000, na kamisheni ni asilimia 5 ya faida. Ikiwa bei ni ya haki, onyesha kwamba hasara yake ya wastani ni shilingi 37.50.

2. Programu inamwunga farasi wa bei ya 8 kwa shilingi 1,000, kisha kumpinga kwa shilingi 4,000 ikiwa bei itashuka hadi 2. Onyesha kwamba bei ikifika 2, faida ni shilingi 3,000 kwa vyovyote vile. Kisha onyesha kwamba bei hufika 2 mara moja tu katika nne, na kwamba wastani wa kanuni hii ni sifuri.

3. Picha inachelewa sekunde 5. Farasi anayekimbia mita 16 kwa sekunde yuko mita ngapi mbele ya picha yake? Ikiwa mbio ni za mita 1,200, hiyo ni sehemu gani ya mbio nzima?

4. Muuzaji wa programu anaonyesha rekodi ya ushindi 10 katika madau 10 ya kupinga kwa bei ya 20. Kokotoa uwezekano wa mtu asiye na ujuzi wowote kupata rekodi hiyo hiyo kwa bei za haki, kisha eleza kwa maneno yako ni swali gani lingine la kumwuliza muuzaji huyo kabla ya kumpa fedha.